Vioo vya ghorofani upande wa ziwani: mnavisafishaje kwa nje bila kumpandisha mtu?

Jabali la Isamilo aliandika:

Habarini wadau. Nyumba iko kwenye mteremko. Upande wa barabarani ni ghorofa moja tu, ila upande wa ziwani ardhi inashuka na kuna majabali, kwa hiyo madirisha ya juu yako kama mita 7 kutoka chini. Ngazi haina pa kusimama, miguu yake yote miwili inaangukia kwenye mwamba uliolala upande.

Madirisha ni ya alumini ya kuslaidi, vipande viwili, upana sentimita 150, kimo 120. Juu ya kila dirisha kuna kioo cha kudumu kisichofunguka, kimo sentimita 40. Kioo ni cha bluu cha kuakisi, grili iko ndani na nafasi kati ya nondo na nondo ni sentimita 12. Uchafu ni wa aina tatu: vumbi la kiangazi, wale visubi wa ziwani waliogandia kama uji, na alama nyeupe za matone zilizobaki baada ya kijana kurusha maji ya kisima kwa mpira.

Nimeona mtandaoni vile vifutio vya sumaku, kimoja ndani kingine nje. Vinafaa? Kama havifai, njia ipi ni ya uhakika?

---

Mwaloni Kirumba alijibu:

Sumaku inafaa mkuu, cha msingi ununue kulingana na unene wa kioo. Kwenye boksi wanaandika, kwa mfano milimita 3 hadi 8, au 15 hadi 24 kwa vioo viwili viwili vya nchi za baridi. Madirisha mengi ya kwetu ni kioo kimoja cha milimita 5 au 6, kwa hiyo chukua ile ndogo. Ukichukua ya kioo kinene ukaiweka kwenye milimita 5 inabana mpaka haisogei, na ukiiachia ghafla inapiga kioo.

---

Fito na Brashi alijibu:

Kwa dirisha la mleta mada sumaku ingekuwa chaguo langu la mwisho. Sababu ya kwanza ni grili. Kipande cha ndani lazima kiteleze juu ya kioo chote bila kukatizwa, na hapo kuna nondo kila sentimita 12. Utaishia kufuta michirizi ya wima na kuacha pembe zote. Sababu ya pili ni vumbi letu. Chembe ya mchanga ikiingia kati ya kitambaa cha nje na kioo, sumaku inaikandamiza na kuiburuta. Mkwaruzo wa hivyo hautoki, na kwenye kioo cha kuakisi unaonekana kutoka barabarani, hasa kama ule utando wa kuakisi umewekwa upande wa nje. Anayetaka sumaku lazima kwanza amwagie kioo maji mengi mpaka vumbi lote lishuke, na anayeweza kufikisha maji mengi huko juu tayari amemaliza robo tatu ya kazi bila sumaku.

Njia ya uhakika ni kupandisha brashi na maji, mtu abaki chini. Watu wa kazi hii wana fito ndefu za nyuzi za kaboni zenye mpira wa maji unaopita katikati na brashi laini kichwani. Si lazima ununue hizo. Mfumo huohuo unatengenezeka hapa Mwanza kwa vitu vya dukani:

Fito. Ile fimbo ya alumini ya mafundi rangi, ya kuvutika, inatosha mpaka mita 4 au 5. Ikizidi hapo inapinda kama ndoano na brashi haishiki kioo. Kwa mita 7 tafuta ya faibaglasi yenye vipande vinne au vitano vyenye vibano. Kumbuka urefu wako na mikono iliyonyooshwa ni karibu mita 2, kwa hiyo fito ya mita 6 inafika.

Brashi. Nywele laini, upana sentimita 25 hadi 30, ile ya kuoshea magari. Ikuna kwa ndani ya kiganja chako: ikichoma, usiipeleke kwenye kioo.

Msukumo wa maji. Hapa ndipo wengi wanakosea. Tangi likiwa chini kuliko dirisha, maji hayapandi, hata uwe na tangi la lita 5,000. Kila mita 1 ya kimo inakupa msukumo wa bar 0.1 tu, basi tangi lililo mita 3 juu ya brashi linatoa bar 0.3, ambayo inalowesha lakini haisuuzi vizuri. Suluhisho rahisi ni bomba la mgongoni la kupulizia dawa shambani, lita 16. Liwe JIPYA. Lililowahi kubeba dawa ya magugu usiliguse, linabaki na harufu na mabaki hata ulioshe mara ngapi. Fungua ule mkono wa kupulizia, unga mpira wa milimita 8 wenye urefu wa mita 10, upitishe kando ya fito na uufunge kila nusu mita kwa klipu za plastiki za kufungia nyaya. Mwishoni weka kigawanyo cha matawi mawili, na kila tawi liwe na tundu la milimita 2 hivi linaloelekea kioo juu kidogo ya nywele za brashi. Mmoja anapiga bomba, mwingine anaongoza fito. Bomba hilo linatoa bar 2 au 3, ukitoa 0.7 ya kupandisha mita 7 bado unabaki na nguvu ya kutosha.

Kusugua sasa. Anza na fremu ya juu, si kioo. Kwenye ile raba inayoshika kioo ndiko vumbi na mabaki ya wadudu yanakojificha. Ukianza na kioo, dakika kumi baadaye fremu inatiririsha tope jeusi juu ya kioo ulichokwisha kukisafisha, halafu unalaumu sabuni. Kwa hiyo: fremu ya juu, kile kioo cha kudumu, fremu ya katikati, vioo vya kuslaidi, reli ya chini. Kisha suuza kwa mpangilio uleule, brashi ikigusa kwa mbali au ikiwa imeinuliwa kidogo. Dirisha la vipimo vyako linakula lita 4 hivi za kuoshea na lita 3 za kusuuzia, maana yake bomba moja linamaliza madirisha mawili.

Simama mbali na ukuta kiasi cha robo ya kimo, mita moja na nusu hadi mbili. Ukisimama chini kabisa ya dirisha, maji yote yanakurudia usoni na shingo inauma kabla ya dirisha la pili.

---

Nyaya Mbali alijibu:

Naongeza moja hapo kabla watu hawajakimbilia dukani. Fito ya alumini inapitisha umeme. Ya nyuzi za kaboni pia inapitisha, wengi wanadhani ni plastiki. Ya faibaglasi ikiwa kavu ni salama kiasi, ila hii kazi ni ya maji, kwa hiyo nayo usiiamini. Mitaa ya milimani huku kwetu waya wa TANESCO unaotoka kwenye nguzo kuja nyumbani mara nyingi unapita palepale pembeni ya dirisha la ghorofani. Kabla ya kuvuta fito tazama juu, na fito ikiwa imenyooka yote ibaki angalau mita 3 kutoka kwenye waya wowote. Kama nafasi hiyo haipo, hilo dirisha lisafishwe kutoka ndani. Na usitembee na fito ikiwa imesimama. Ishushe, hama, kisha ipandishe tena.

---

Fundi Alumini Nyakato alijibu:

Mleta mada, hayo madirisha yako ya kuslaidi yanasafishika kutoka ndani hata kukiwa na grili. Watu hawajui kwamba vile vipande viwili vinaweza kubadilishana upande.

Tuite kipande cha reli ya nje N na cha reli ya ndani D. Dirisha likifungwa, N yuko kushoto, D yuko kulia. Fanya hivi:

1. Sukuma D mpaka kushoto, alale nyuma ya N. Nusu yote ya kulia iko wazi. Pitisha mkono na kifaa kati ya nondo, osha uso wa nje wa N.

2. Mrudishe D katikati, asimame nusu kwa nusu. Kulia inabaki nafasi ya robo ya dirisha, kwako ni sentimita 37 hivi. Kupitia hapo unafikia nusu ya kulia ya uso wa nje wa D.

3. Sasa msukume N aende kulia kabisa, D akiwa bado katikati. Nafasi ya robo inatokea kushoto. Hapo unamalizia nusu ya kushoto ya D.

Kinachoweza kukwamisha ni komeo. Kama komeo la N linachomoza kuelekea ndani, litagonga fremu ya D wakati wa kupishana. Usilazimishe, maana unakunja fremu. Fungua skrubu mbili za komeo kwa bisibisi, ulitoe kwa muda. Wavu wa mbu usogeze upande ambao hufanyii kazi.

Kifaa chenyewe: bomba la PVC la nusu inchi, vipande viwili vya sentimita 40, katikati elbo ya nyuzi 90. Kwenye ncha funga sponji bapa iliyovikwa kitambaa cha maikrofaiba. Kiwe chembamba cha kupita kwenye sentimita 12 bila kukwangua nondo. Tengeneza cha pili chenye mpira wa kuvutia maji, ule wanaotumia vijana wa kuosha vioo vya magari, ukate uwe sentimita 10. Toboa mwisho wa bomba, pitisha kamba, ifunge kwenye mkono au kwenye nondo. Kikikuponyoka kutoka mita 7 kinaweza kumkuta mtu kichwani.

Kuchomoa kipande chote kwa kukiinua kwenye reli ya juu na kuvuta upande wa chini, kama wanavyofanya wengine, kwako haiwezekani kwa sababu grili inazuia. Na hata pasipo na grili nisingeshauri ghorofani ukiwa peke yako. Kioo cha milimita 5 kina uzito wa kilo 12 na nusu kwa kila mita ya mraba, ongeza fremu, na upepo ukikikamata kipande kikiwa nusu nje hutakizuia.

Kile kioo cha kudumu cha juu, hapo sina ujanja wa ndani. Hicho ni cha fito.

---

Jabali la Isamilo aliandika:

Asanteni sana wakuu. Fundi, nimejaribu kupishanisha vipande, vinapita bila shida, komeo la N limelala ndani ya fremu. Nimeangalia pia nyaya: dirisha la jikoni waya uko kama mita 2 na nusu, basi hilo litakuwa la ndani tu, na kioo chake cha juu nitakiacha kwanza.

Yamebaki maswali mawili. Visubi nitumie dawa gani? Na zile alama nyeupe, siki inatosha? Jirani ananiambia nitumie ile dawa kali ya kung'arishia marumaru.

---

Maji Laini alijibu:

Dawa ya marumaru, hapana. Nyingi zina tindikali kali. Ikishuka kwenye fremu inaula ule mng'ao wa alumini na kuacha madoa ya kijivu yasiyofutika, na zile zenye floraidi zinakula hata kioo chenyewe. Jik nayo iache chooni, klorini na alumini hazipatani. Sabuni ya unga inaacha utando, na chembe ambazo hazijayeyuka zinakwaruza.

Visubi: usivifute vikiwa vikavu. Miili yao ina mafuta kidogo, ukiisugua kavu unaipaka kioo kizima na kutengeneza ukungu ambao maji matupu hayautoi. Changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa lita 5 za maji, ya uvuguvugu kama unayo. Lowesha, acha dakika 5, lowesha tena kabla hakujakauka, acha nyingine 5, ndipo usugue. Ukizidisha sabuni ukadhani unaongeza nguvu, utatumia maji mara mbili kuitoa. Kinyesi cha ndege (mwewe na makorongo wa mjini hawana adabu) kinatibiwa hivyohivyo, ila rudia kulowesha mara tatu au nne, kwa sababu ndani yake kuna chembe ngumu.

Halafu chagua siku. Visubi wanapanda kwa kufuata mwezi, wengi zaidi karibu na mwezi mwandamo. Ukiosha siku mbili kabla ya hapo umefanya kazi ya bure. Subiri ule moshi wao unaotembea juu ya ziwa upite, ndipo uoshe. Taa za nje na za vyumba vya upande huo zima au funga mapazia usiku wa kundi, ndizo zinazowaita ukutani. Utando wa buibui kwenye pembe nao uondoe kila mara. Buibui hao wanaishi kwa visubi, na utando uliojaa maiti ndio unaodondosha uchafu kioo kikiwa bado kipya.

Alama nyeupe ni chumvi za maji ya kisima. Tone likikauka, maji yanaenda, chumvi inabaki. Siki nyeupe sehemu 1 kwa maji sehemu 3, ipake kwa sponji, ikae dakika 5 hadi 10 bila kukauka, sugua kwa upole, suuza. Zikibaki, rudia kwa siki nusu kwa nusu. Zikikaa miezi mingi juani zinashika kabisa, kwa hiyo usizisubirishe. Siki fanya kutoka ndani kwa kile kifaa cha Fundi, si kwa fito, la sivyo lita nzima inaishia ukutani.

Nanyi msirudie kosa lilelile kwenye kusuuza. Maji ya ziwa yana chumvi kidogo kuliko ya visima, kwa hiyo ya bomba la MWAUWASA (mamlaka ya maji ya Mwanza), yanayotoka ziwani, ni bora kuliko ya kisima, japo hayakosi alama kabisa. Maji ya mvua ndiyo bora zaidi kwa kusuuza mara ya mwisho. Mvua ikianza, mwaga yale ya kwanza yanayoosha bati, kiasi cha lita 1 kwa kila mita ya mraba ya paa. Bati la mita za mraba 60, mwaga lita 60. Yanayofuata yakinge, yachuje kwa kitambaa cha pamba, yafunike. Ukiwa na ile mita ndogo ya kupimia chumvi iliyoyeyuka, ya TDS: ikisoma chini ya 10 acha kioo kikauke chenyewe, hutaona kitu. Kati ya 10 na 30 alama ni hafifu, za kutafuta kwa macho. Ikivuka 50 lazima uvute maji kwa mpira au ufute.

Muda mzuri ni saa moja hadi saa nne asubuhi. Madirisha yanayotazama magharibi yako kivulini, kioo ni baridi, sabuni haikaukii njiani, na upepo wa ziwani haujaanza kuvuma. Mchana upepo huo utakuyumbisha na fito na kukurudishia vumbi kwenye kioo kibichi.

---

Mwaloni Kirumba alijibu:

Narudi nyuma kuhusu sumaku, grili sikuiona. Je, mashine ya kuoshea magari? Inarusha mpaka mita 7 bila fito.

---

Fundi Alumini Nyakato alijibu:

Inarusha, na inaingiza maji sebuleni. Dirisha la kuslaidi halijafungwa kwa silikoni kila upande. Linategemea manyoya yale ya pembeni na matundu ya reli ya chini ya kutolea maji. Limetengenezwa kuhimili mvua inayoshuka, si maji yanayosukumwa kwa nguvu kutoka chini kwenda juu. Yanapita kwenye manyoya, yanang'oa raba kuukuu, yanachana wavu, na silikoni iliyochoka kati ya fremu na ukuta inaachia. Miezi mitatu baadaye rangi ya ukuta wa ndani inavimba na mtu anatafuta bomba lililopasuka.

---

Kamba na Mirunda alijibu:

Kwa watakaoamua kuajiri vijana. Jukwaa la mirunda kwenye majabali linawezekana, lakini kila mguu uwe na kikalio chake kilichochongwa au kumwagiwa zege, na lifungwe ukutani, si kuegeshwa. Kwa kusafisha vioo tu ni gharama isiyo na maana. Lifanye ukiwa unapaka rangi pia. Ngazi, pale ardhi inaporuhusu: kila mita 4 za kimo, mguu mita 1 kutoka ukutani, iegemee ukuta na kamwe si kioo wala mfereji wa maji ya mvua, na kichwa chake kifungwe. Mawe ya kusawazisha chini ya mguu mmoja ndiyo yanayoangusha watu.

Kazi ya kamba inahitaji watu waliofunzwa: kamba mbili zilizofungwa sehemu mbili tofauti, mkanda wa mwili mzima, si wa kiunoni. Ukiona kijana amejifunga kiuno kwa kamba ya manila iliyofungwa kwenye nondo ya dirisha, mshushe. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ahakikishe mazingira salama, kwa hiyo usidhani jukumu ni la kijana peke yake.

Na mwenye fito naye aangalie miguu. Maji yenye sabuni juu ya mwamba ulio na ukoga yanateleza kuliko sakafu ya vigae. Chagua pa kusimama pakiwa pakavu, upande wa juu wa mtiririko, na usihamie kwenye jiwe lililolowa ili kufikia dirisha la pembeni.

---

Jabali la Isamilo aliandika:

Nimewaelewa. Moja dogo kwa Fundi: umetaja matundu ya reli ya chini. Yangu sioni yakitoa maji hata mvua ikinyesha, reli inajaa tu.

---

Fundi Alumini Nyakato alijibu:

Yamezibwa na visubi. Wanakufa kwenye reli, wanachanganyika na vumbi, wanakuwa udongo. Safisha reli kabla ya kuosha kioo chochote, la sivyo maji yote ya kazi yatamwagikia ndani. Kwanza ondoa uchafu mkavu kwa brashi ya rangi ya inchi moja, usimwage maji bado. Kisha tumia waya laini, ule wa kufungia nondo unafaa ukikunja ncha, uupitishe kwenye kila tundu kutoka ndani kwenda nje. Kwa kawaida yako mawili au matatu, karibu na pembe. Mimina kikombe kimoja cha maji kwenye reli, kiishe chote ndani ya nusu dakika hivi. Kisipoisha, tundu la nje limefunikwa na plasta au rangi ya ukuta, na hilo litobolewe kutoka nje kwa dirila ya milimita 6, kwa mtu anayeweza kulifikia.